Hasheem na Kipimo cha Kuazima

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Juni, 2025, watu waliokutana kunywa chai katika kibanda kimoja huku Engutoto walikuwa na macho mekundu. Hawakuwa wamekesha msibani wala harusini. Walikuwa wamekesha mbele ya televisheni, kwa sababu mchezo wa kwanza wa fainali ya ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani ulianza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, na ulipokwisha wengi waliona hapana tena haja ya kurudi kitandani. Mlima Meru ulikuwa bado umejifunika wingu, na tayari pale mezani palikuwa na kesi iliyohitaji hakimu.

Mshitakiwa alikuwa Mark Daigneault, mwalimu wa timu ya Oklahoma City. Timu yake ilikuwa imeongoza karibu mchezo mzima. Indiana ikaifukuzia katika robo ya mwisho, na zikiwa zimebaki sehemu tatu tu za kumi za sekunde moja, Tyrese Haliburton akatupa mpira uliomaliza mambo kwa pointi 111 kwa 110. Karani mmoja kijana alishikilia kwamba kosa ni la mwalimu wa timu. Kwa nini amwondoe katika kikosi cha kuanzia Isaiah Hartenstein, mtu mrefu, na mahali pake amweke Cason Wallace aliye mfupi? Mwalimu mmoja wa hisabati, mtu mzima, alimjibu kwa utaratibu kwamba mbele ya timu inayokimbia kama Indiana mtu mrefu huweza kugeuka mzigo. "Tulia, kijana wangu," alimwambia, "fainali ni michezo saba, si mmoja."

Mwisho wa yote kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Katika mchezo wa nne Daigneault alimrudisha Hartenstein, kama karani alivyotaka. Na fainali ikaenda mpaka mchezo wa saba, kama mwalimu alivyosema, Oklahoma City ikatwaa ubingwa kwa michezo minne kwa mitatu. Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu si hilo. Katikati ya ubishi ule sauti moja kutoka pembeni ilisema, "Kama shida yao ni urefu, si wangemrudisha Hasheem wetu!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka. Makala haya yametokana na aibu ya kicheko kile.

Kabla ya kuendelea niseme wazi kwamba si nia yangu kuwakemea wanaobishana. Wapo wanaoona kwamba mtumishi wa umma anayejua idadi ya pointi za mchezaji wa Oklahoma kuliko idadi ya visima vya wilaya yake amepotea njia. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Ubishi wa michezo, ukifanywa vizuri, ni shule. Pale kibandani hakuna aliyeruhusiwa kusema "mimi naona tu". Kila aliyedai jambo alitakiwa kulileta na ushahidi wake. Kijana alimpinga mtu mzima bila ya kumvunjia heshima, na mtu mzima alimsikiliza kijana bila ya kumwambia anyamaze. Laiti mikutano yetu yote ingekuwa na desturi hiyo! Ninachokilalamikia ni kwamba hodari hawa wa ushahidi, walipofika kwa mtoto wa nyumbani, waliuweka ushahidi kando wakashika kicheko.

Basi na tuulete ushahidi huo mezani.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa kama miaka 15, umri ambao kijana wa Marekani anayeelekea ligi ya kulipwa huwa ameshaucheza miaka mingi chini ya walimu wa kila namna. Mwaka 2006 alikuwa tayari katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Katika msimu wa 2008–09 alipata wastani wa pointi 13.6 kwa mchezo, alidaka mipira 10.8 iliyokataa kuingia, na alizuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Mwaka 2009 chama cha walimu wa timu za vyuo vya Marekani kilimteua kuwa mlinzi bora wa nchi nzima, na chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa, kikatolewa na Michigan State. Tarehe 25 Juni, 2009, timu ya Memphis ikamchukua kuwa mchezaji wa pili katika uteuzi wa mwaka ule. Hakuna Mtanzania aliyepata kuifikia ligi ile kabla yake.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili nao usifichwe. Aliyeteuliwa wa tatu, baada ya Hasheem, ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry. Curry alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, Harden mwaka 2018. Hasheem alipofika Memphis alimkuta Marc Gasol wa Hispania ameshika nafasi ya mtu mrefu, na huyo Gasol mwaka 2013 akawa mlinzi bora wa ligi. Februari 2010 Hasheem alipelekwa kwa muda katika timu ya daraja la chini, na kabla yake hapakuwa na mchezaji wa nafasi ya juu hivyo katika uteuzi aliyepelekwa huko. Februari 2011 alihamishiwa Houston, na Memphis ikampokea mkongwe Shane Battier. Muda mrefu haukupita, Memphis iliyoingia katika mtoano ikiwa ya nane ikaitoa San Antonio iliyokuwa ya kwanza, na ni Battier aliyetupa mpira wa pointi tatu ulioamua mchezo wa kwanza. Hasheem akaenda Portland, kisha Oklahoma City. Mei 2013, akiwa na Oklahoma City, aliishuhudia timu yake ikitolewa katika mtoano kwa michezo minne kwa mmoja, na walioitoa walikuwa Memphis wale wale. Msimu wa 2013–14 ulikuwa wa mwisho kwake katika ligi hiyo. Kwa jumla alicheza michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na mipira 2.7 ya kudaka. Baada ya hapo alicheza Japani na Taiwan.

Kwa hesabu hizi wachambuzi wa Marekani wamemweka katika orodha ya teuzi zilizokwenda upogo. Wana haki. Mwenye timu ya Memphis alikuwa na nafasi moja ya thamani kubwa, akaitumia, na wenzake waliochagua nyuma yake wakapata wachezaji bora wa kizazi chao. Mshabiki wa Memphis aliyelipa kiingilio chake ana haki ya kuuliza kwa nini. Kipimo anachokitumia ni kipimo cha mnunuzi: nimetoa nini, nimepata nini.

Lakini sisi wa Arusha tulitoa nini? Tulilipa kiingilio gani? Tulipitwa na Curry yupi? Mtu akikopa mizani ya duka la jirani ili akapimie mazao ya shamba lake, yafaa kwanza aulize kama mizani ile imetengenezwa kwa kupimia mahindi au dhahabu. Sisi tumeichukua hukumu ya mnunuzi wa Memphis, pamoja na kejeli zake, tukaileta mpaka kibanda cha chai cha Engutoto kana kwamba ni yetu. Wazee wetu wa siasa walikuwa na neno kwa tabia ya namna hii. Waliiita kasumba. Kasumba si kupenda mchezo wa kigeni, la hasha. Kasumba ni kumwangalia mtoto wako kwa macho ya mtu aliyemnunua.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito. Mwalimu wa hisabati angeniambia: "Ndugu mwandishi, usimtafutie mtu udhuru. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza akiwa na miaka 15, na mwaka 1984 aliteuliwa wa kwanza, mbele ya Michael Jordan aliyekuwa wa tatu. Akaipa Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995. Na huyo Pascal Siakam wa Cameroon, uliyemwona usiku akiichezea Indiana, alianza akiwa na zaidi ya miaka 16. Naye alipelekwa daraja la chini. Mbona wao waliweza?"

Swali hilo haliwezi kukwepwa kwa maneno matamu. Hapana shaka kipaji cha Olajuwon ni cha nadra mno, na hapana shaka Hasheem mwenyewe alikuwa na upungufu ambao hakuna mwalimu angeweza kumwondolea wote. Lakini tuangalie pia watu hawa walizungukwa na nini.

Olajuwon hakuanza michezo akiwa na miaka 15. Alianza mpira wa kikapu tu. Kabla ya hapo, shuleni Lagos, alikuwa amecheza mpira wa miguu na mpira wa mikono. Ile miguu iliyowahangaisha walinzi wa Marekani kwa miaka 18, ikigeuka huku na kule kama ya mtu mfupi, ilifundwa katika viwanja vya shule za Afrika, na mwenyewe hakuacha kulisema hilo. Alipofika Houston akiwa mwanafunzi wa chuo, majira ya kiangazi alifanya mazoezi dhidi ya Moses Malone, mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika ligi, aliyemsukuma na kumfundisha kusukuma.

Siakam naye alikuwa mwanafunzi wa seminari. Kilichomtoa ni kambi ya mazoezi iliyoandaliwa nyumbani kwao Cameroon na Luc Mbah a Moute, Mcameroon aliyeitangulia njia na kuingia ligi ile mwaka 2008. Kambi ya mtu huyo huyo ndiyo iliyomwibua Joel Embiid, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Toronto ilimchukua Siakam akiwa wa 27 mwaka 2016, ikampeleka timu yake ya daraja la chini, akaisaidia kutwaa ubingwa wa daraja hilo mwaka 2017, na mwaka 2019 akawa bingwa wa ligi kubwa. Mtu wa 27 hupewa muda wa kujifunza. Mtu wa pili hudaiwa matunda siku ya kwanza.

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Siakam alikuwa na Mbah a Moute mbele yake. Hasheem hakuwa na mtu mbele yake. Alikuwa wa kwanza kutoka kwetu, na wa kwanza kupita katika kichaka ndiye anayechomwa na miiba yote. Anayemfuata huikuta njia. Kwa hiyo mtu wa kwanza hapimwi vema kwa pointi zake. Hupimwa kwa wa pili, yaani kwa wale waliopita baada yake katika njia aliyoifungua. Na hapo hesabu inageuka kabisa, maana kumpata wa pili si kazi ya yule wa kwanza peke yake. Ni kazi ya waliobaki nyumbani.

Tazameni ndugu zetu wa Sudan Kusini, ambao bendera yao inapepea hapa hapa Arusha, katika makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu walipojiunga mwaka 2016. Mtu wao wa kwanza alikuwa Manute Bol, mwenye urefu wa mita 2.31, aliyeingia ligi ya Marekani mwaka 1985. Pointi zake? Wastani wa 2.6 kwa mchezo. Mitupo aliizuia kwa wingi wa ajabu, lakini mashabiki wengi walimwona kama kiroja cha kuchekewa. Fedha alizopata alizitumia kwa wingi kuwasaidia watu wa kwao waliokuwa wakiteswa na vita. Na huko Misri alikutana na familia moja ya wakimbizi, akawafundisha vijana wake mpira wa kikapu. Mmoja wa vijana hao aliitwa Luol Deng. Deng akaingia ligi hiyo mwaka 2004, akachaguliwa katika kikosi cha nyota mwaka 2012 na 2013, na alipostaafu akaongoza chama cha mpira wa kikapu cha nchi yake, akatoa hata fedha zake mwenyewe kuisimamisha timu ya taifa.

Matokeo yake yalionekana tarehe 20 Julai, 2024, mjini London. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 tu, ambayo wakati huo haikuwa hata na ukumbi wa ndani wa mchezo huo, ilikutana na Marekani katika mchezo wa kirafiki. Sudan Kusini iliongoza kwa pointi 14 wakati wa mapumziko. Marekani iliponea chupuchupu kwa pointi 101 kwa 100, LeBron James akifunga mwishoni kabisa. Siku nane baadaye, katika Michezo ya Olimpiki, Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico kwa 90 kwa 79. Manute Bol alifariki mwaka 2010 bila ya kuiona nchi yake ikiwa huru, seuze timu yake. Je, tumpime kwa zile pointi 2.6?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa maana sisi wenyewe tunao katika riadha. Mwaka 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumia katika mbio ndefu za Olimpiki, akaendelea akiwa na bandeji mguuni, akaingia uwanjani wa mwisho wakati watazamaji wengi wameshaondoka. Kwa kipimo cha orodha ya washindi, Akhwari hakupata kitu. Miaka sita baadaye, tarehe 2 Februari, 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Karatu aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo mpaka mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 32.2, na kasi yake ikamvuta hata John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, kuivunja rekodi ya zamani. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga akashinda mbio ndefu za Jumuiya ya Madola huko Edmonton. Mwaka 1980 Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta medali za fedha kutoka Moscow. Na Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida akaleta dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia, akimshinda mwenzake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde.

Huo ni mnyororo, ingawa una miaka mirefu iliyolala katikati. Mtoto wa Karatu au Mbulu anayekimbia kwenda shule hajiulizi kama mtu wa kwao anaweza, analijua jibu. Bayi mwenyewe alirudi akajenga shule zenye viwanja. Hakuna mtu wa mkoa huu anayemtaja Akhwari kwa kicheko. Katika riadha tulikataa kipimo cha kuazima. Kwa nini tumekipokea katika mpira wa kikapu?

Wiki chache baada ya ubishi ule nilikwenda katika shule moja ya sekondari kandokando ya jiji kwa shughuli nyingine kabisa. Nyuma ya madarasa palikuwa na nguzo mbili za chuma. Moja ilikuwa na ubao usio na kikapu. Nyingine haikuwa na ubao wala kikapu, ila kamba ya kuanikia nguo. Kwenye ngazi za darasa alikuwa amekaa mvulana wa kidato cha pili ambaye hata akiwa ameketi ulijua kwamba akisimama atakipita kizingiti cha mlango. Alikuwa amejikunja, magoti karibu na kidevu, kama mtu anayejaribu kuuficha urefu wake.

"Yule tunamwita Hasheem," mwenyeji wangu aliniambia akitabasamu.

Nilimwendea. Alinipa shikamoo kwa sauti ya chini. Nilimwuliza kama anacheza mpira wa kikapu.

"Hapana, kaka," alinijibu. "Nikicheza wananicheka."

Ndugu msomaji, jina la Mtanzania pekee aliyepata kuitwa wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakiutafuta mlango wa ligi ile mwaka 2009, katika shule yetu limekuwa jina la kumzomea mtoto. Kicheko cha kibandani kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye ngazi zile. Hakikusafiri chenyewe. Tulikibeba sisi, watu wazima, walimu na makarani na waandishi wa habari.

Basi tufanye nini? Sitaki kumalizia kwa kuidai serikali ijenge kumbi kubwa. Kumbi zina wakati wake, na majirani zetu wa Rwanda, waliofungua ukumbi wao mkubwa mjini Kigali mwaka 2019 na kuupokea msimu wa kwanza wa ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu mwaka 2021, wametuonyesha faida yake. Lakini ukumbi hauwezi kumpata mtoto aliyekwisha kujikunja. Yapo mambo yaliyo mikononi mwetu, na wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ndio wenye mikono hiyo.

Walimu ndio wa kwanza. Kipindi cha michezo kimeandikwa katika ratiba, lakini mara ngapi kinageuzwa kuwa kipindi cha kumalizia somo lililobaki nyuma? Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka 10 anayecheza kila mchezo anaoupata, wa miguu, wa mikono, wa kuruka kamba, anaijenga miguu itakayomfaa akiwa na miaka 20, kama ya Olajuwon ilivyojengwa Lagos. Asipopata hayo, akianza akiwa na miaka 15 huwa anadaiwa kujifunza kutembea upya mbele ya watu. Na mwalimu anayemsikia mwanafunzi akizomewa kwa urefu wake anao wajibu wa kukomesha jambo hilo kama anavyokomesha tusi.

Kisha watumishi wa serikali, hasa walio katika ofisi za ardhi na mipango miji. Jiji hili linakua kwa kasi. Kila kata inapopimwa, ramani huonyesha eneo la wazi la michezo, na kila baada ya miaka michache eneo hilo huonekana limepungua. Anayeisaini karatasi ya kulimega si mgeni. Ni mmoja wetu, na pengine jioni hiyo hiyo anakaa kubishana kuhusu udhaifu wa wachezaji wa Tanzania.

Nasi waandishi hatumo nje ya lawama. Tunaandika nusu ukurasa kuhusu mchezo uliochezwa Oklahoma, na mashindano ya shule za sekondari za mkoa tunayapa mistari mitatu chini ya tangazo la mnada. Kijana Atiki Ally Atiki wa Mwanza alianza kukichezea Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani mwaka 2021. Ni mashabiki wangapi kati yetu, wanaolijua benchi zima la Indiana, walioweza kulitaja jina lake? Pengine yeye, pengine mwingine ambaye bado hatujamsikia, ndiye atakayekuwa wa pili. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Lakini ili atuzwe sharti kwanza aonekane.

Tuendelee kubishana. Fainali nyingine zitakuja, nasi tutakesha, na karani na mwalimu wa hisabati watashitakiana tena juu ya nani aanze na nani akae. Huo ni uhai wa michezo na ni burudani halali ya mtu anayefanya kazi. Ila siku jina la Hasheem litakapotajwa pale mezani, naomba yule mwalimu wa hisabati, kwa heshima aliyo nayo, afanye kama alivyomfanyia karani: awatulize watu, kisha adai ushahidi. Aulize ni wangapi tumewaandaa wamfuate. Swali hilo likijibiwa kwa haki, nadhani kicheko kitapungua, na huenda baadhi yetu wakainuka mapema kidogo kwenda kuitafuta ile nguzo nyuma ya madarasa, kuishusha kamba ya nguo na kupandisha kikapu. Yule mvulana wa kidato cha pili ana miaka michache tu ya kungoja kabla ya kuzoea kujikunja. Tusimcheleweshe.